Maelezo Niliyoyaachia Kijitoni

Tarehe kumi na moja mwezi wa Mei, siku ya Jumatano, nilimpoteza mke wangu. Alikuwa uani akisugua sufuria kubwa za kikundi cha akina mama, zile za kupikia matangani, na mimi nilikuwa barazani nasoma karatasi za kamati. Nilisikia sufuria ikianguka. Niliendelea kusoma, kwa maana sufuria huanguka. Iliponijia kwamba hakuna aliyeiokota, niliinuka nikaenda.

Mimi ni mwakilishi wa wadi upande wa Tongaren, karibu na mpaka wa Trans-Nzoia. Wazee bado huniita diwani, na mimi huitikia. Shule nilifika kidato cha pili. Baada ya hapo nilisaga mahindi kwa miaka mingi kwenye mashine yangu pale sokoni, na watu walionichagua ni wale wale waliokuwa wakipanga madebe yao kwenye foleni na kunisikia nikibishana kuhusu barabara. Bunge letu la kaunti liko Bungoma, lakini mahitaji yetu mengi yako Kitale: mbegu, vipuri, hospitali. Gari la jirani lilipokuja kumchukua mke wangu, hakuna aliyeuliza linaelekea wapi.

Kati ya boma letu na lami kuna kijito. Zamani, siku za skimu ya makazi, kiliwekewa kalavati mbili. Moja ilipasuka kabla sijaingia siasa, na mvua ikinyesha maji hupita juu ya barabara. Siku hiyo ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Dereva alishuka, akachomeka fimbo kwenye maji, akatikisa kichwa. Tukageuza gari, tukazunguka njia ndefu ya juu, mke wangu kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Kule hospitali daktari, msichana wa umri wa binti yangu, aliniita kando. Akaniambia, "Mzee, mshipa umepasuka kichwani na damu imevuja nyingi sana. Hata kama mngekuwa mnaishi hapo nje ya geti, ningekuambia maneno haya haya."

Nilimuuliza mara ya pili. Akanijibu mara ya pili, polepole, bila kukasirika. Jioni hiyo mke wangu alifariki.

Nimeanza na maneno ya daktari kwa sababu nilichelewa kuyasema mahali yalipopaswa kusemwa, na kuchelewa huko ndiko kulikozaa mengine yote.

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Kazi ya mwakilishi wa wadi, usidanganywe na mtu, nusu yake ni matanga. Kila Jumamosi nilikuwa kwenye hema la mtu, nimevaa koti, nangoja kipaza sauti. Nilijua kusalimia kwa Kibukusu, kwa Kiswahili, kisha kuchekesha kidogo, kisha kuwataja wapinzani bila kuwataja. Sikuwahi kujiuliza wenye msiba wanasikia nini.

Jumamosi ile niliketi upande wa pili. Walizungumza wanasiasa mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alisema hatazungumza sana. Jua lilihama, likawakuta akina mama walioketi kando ya jeneza. Mama mkwe wangu alikuwa kati yao, amejifunika leso kichwani, na sikuweza kumpelekea hata kiti cha kivulini kwa mkono wangu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawazungumzi ana kwa ana. Akija njia niliyopo, mimi hushuka pembeni. Tukiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata tukiwa tumesimama hatua kumi na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa. Nilimtuma mtu. Mama mkwe akamrudisha na kiti chake, akisema ameketi mahali anapotaka kuketi.

Mwanasiasa mmoja mkubwa ndiye aliyefunga. Akasema mama huyu hatasahaulika. Akasema hapa hapa, katika wadi hii, utajengwa ukumbi wa jamii, mkubwa, wa matofali na mabati ya rangi, na jina la mke wangu litaandikwa juu ya mlango.

Vigelegele vilipigwa. Nitasema ukweli: nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano kitu fulani kifuani kililegea. Niliyaona maandishi yenyewe, nikaona hata rangi yake, samawati. Aliyeahidi alipanda gari lake, na hadi leo hajarudi kuuliza kiwanja kiko wapi.

Siku ya tatu baada ya mazishi ni siku ya kunyoa, ambayo sisi huiita lufu. Jamaa hukutana bila wanasiasa, na mwenye kufiwa husimama kueleza ugonjwa ulivyoanza, ulikopita na ulivyoisha. Si hotuba. Ni maelezo, na watu huyasikiliza kwa makini, kwa sababu yakishatolewa pale ndiyo yanayobaki. Mtu akiuliza miaka ishirini baadaye fulani alikufa vipi, atajibiwa kwa maneno ya siku ile.

Nilisimama. Nikaeleza sufuria, gari la jirani, mvua. Nikaeleza dereva alivyoshuka na fimbo yake. Nikasema, "Tukageuza gari." Hapo sauti ikakata. Nilijaribu tena, ikakataa. Mzee aliyekuwa akiongoza aliniwekea mkono begani, akasema, "Inatosha, mwanangu. Tumeelewa."

Walielewa, lakini walielewa nusu. Maelezo yangu yaliishia kijitoni, na watu wakamalizia wenyewe. Kufikia wiki iliyofuata, sokoni kila mtu alijua kwamba mke wa mheshimiwa aliuawa na kalavati ya mheshimiwa mwenyewe. Wengine walisema kwa huruma, wengine kwa kejeli. Niliwasikia nikanyamaza. Nilijiambia sina nguvu ya kusahihisha soko zima. Hilo lilikuwa kweli, lakini mama mkwe hakuwa soko zima.

Miezi ikapita. Ukafika wakati wa kuchagua mradi wa wadi wa mwaka huo, ambapo wananchi huitwa wakutane na waseme wanataka nini kwanza. Fungu letu lilitosha mradi mmoja tu wa maana. Watu wa kwa wakwe zangu, ng'ambo ya kijito, walikuwa wameshakubaliana: ukumbi. Kwetu neno lililosemwa mbele ya jeneza halifutwi, na kama aliyelisema hayupo, basi aliye karibu alibebe. Aliye karibu ni mimi.

Mimi nilitaka kalavati.

Nina imani zangu kuhusu pesa za umma na sizionei haya. Nilizipata kwenye mashine ya kusaga. Mashine haifi siku moja. Huanza na bolti moja iliyolegea, ambayo umeiona ukasema utaikaza kesho. Kaunti zetu zinapenda kununua mashine mpya na kuacha bolti. Kila mtu anataka utepe wa kukata na jiwe lenye jina lake. Hakuna aliyewahi kukata utepe kwa sababu bomba lililopasuka limezibwa. Nimeona zahanati yenye wodi mpya ya kina mama ambayo kitasa chake kimefungwa tangu siku ya picha. Nimeona choo cha soko chenye jina la mtu mlangoni na hakina maji. Kule Bungoma nikisimama kwenye kikao kusema tutengeneze kwanza tulichonacho, wenzangu hutabasamu. Mmoja aliniambia, "Mhesh, ukarabati haupigi kura." Nikamjibu kwamba lori la mahindi lililokwama linapiga.

Na ukumbi wa nini? Sisi hukutana kanisani, hukutana shuleni, hukutana chini ya mahema. Jamii yetu haijawahi kukosa pa kukutania. Inakosa namna ya kufika. Sufuria zile za akina mama hubebwa kichwani kuvuka kijito kila penye matanga, na mke wangu alizibeba hivyo tangu alipoolewa.

Lakini ukumbi ungekuwa na jina lake. Kila nilipofikia hapo mawazo yangu yalipinda, na asiseme mtu kwamba nilikuwa na msimamo kama chuma. Nilikuwa nikipita kwenye kile kiwanja walichokitaja watu wa ukumbi na kusimama.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeendesha kampeni yangu, na anaijua wadi kama mfuko wake wa shati. Siku mbili kabla ya mkutano alikuja, akaketi, akakataa chai, jambo ambalo hulifanya akiwa na neno zito.

"Hii kazi ni rahisi, bana," akasema. "Unasimama, unasema kalavati ndiyo ilimuua. Unanyamaza. Unakaa chini. Nani atakupinga?"

"Haikumuua."

"Wewe ni daktari?"

"Daktari aliniambia."

"Aliambia wewe. Hakuambia hawa. Hawa wanajua ile ulisema lufu."

"Sikumaliza."

"Basi usimalize. Nani anakudai?" Akaegemea mbele. "Sikiliza, ndugu yangu. Ukikataa jina la mke wako mbele ya watu wa kwao, unajua watasema nini? Watasema umepata mwingine Bungoma. Wameshaanza. Ati ndiyo maana siku hizi unapiga pasi."

"Napiga pasi kwa sababu aliyekuwa akinipigia amekufa."

Kaka alivuta kiti chake karibu na meza. Kisha akasema sasa anaweza kunywa chai.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Msimamizi wa wadi, mama mmoja mkakamavu asiyependa hotuba, ndiye aliyeongoza. Aliniambia mapema, "Mheshimiwa, dakika tano. Ukizidisha, nazima kipaza sauti." Mama mkwe wangu alikuwa ameketi safu ya mbele upande wa kulia, kwa hiyo mimi nilikwenda kuketi kushoto kabisa.

Watu wa ukumbi walizungumza vizuri. Kijana mmoja mwalimu alisema vijana watapata mahali pa mikutano na harusi, na kina mama hawatalipia hema tena. Hayakuwa maneno ya kijinga. Mzee mmoja akasema deni la marehemu halilali. Watu wakapiga makofi.

Ilipofika zamu yangu nilieleza kuhusu kalavati: malori, watoto wa shule wanaobebwa mgongoni mvua ikinyesha, sufuria. Niliona vichwa vikiitikia. Niliona pia kwamba wanangoja. Kaka yangu, kule nyuma, alikuwa akinikazia macho. Neno moja tu lilihitajika, na sikuhitaji hata kulitamka. Ningesema, "Nyinyi wenyewe mnajua," ingetosha. Nilinyamaza kidogo zaidi ya ilivyopasa, na sijui hadi leo kama nilikuwa natafuta neno au nawaachia wamalizie wenyewe.

Mama mkwe akasimama.

Hakunitazama. Alimgeukia msimamizi wa wadi, akasema, "Mama, niulizie mkwe wangu. Siku ya lufu alifikisha mtoto wangu kwa maji, akamwacha hapo. Mimi tangu siku hiyo nikilala namwona mtoto wangu kwa maji. Hiyo kalavati ndiyo ilimuua? Na ajibu wewe, mimi nitasikia."

Msimamizi alinigeukia, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui afanye nini na mikono yake. "Mheshimiwa, umesikia swali?"

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie mama kalavati ilituchelewesha, lakini haikumuua. Mwambie tuligeuza gari, tukapita njia ya juu, na kichwa chake kilikuwa hapa." Nikaonyesha mapaja yangu. "Mwambie alikuwa akipumua njia nzima. Hakuwa na maumivu, ama kama alikuwa nayo sikuyaona. Daktari alisema mshipa ulipasuka kichwani, na hata kama tungekuwa tunaishi getini pa hospitali ingekuwa vile vile. Nilimuuliza mara mbili. Alifariki jioni, kitandani, amefunikwa blanketi. Nilikuwa hapo. Mwambie ningesema haya siku ya lufu, nikashindwa, na baada ya hapo nikaona haya kurudi nyuma."

Msimamizi alifungua kinywa ili ayarudie. Mama mkwe akainua mkono kumzuia.

"Mwambie nimesikia," akasema. "Mwambie sasa amemfikisha." Akaketi, akapandisha leso yake.

Nilikuwa bado nimesimama. Msimamizi akanong'ona kwamba nimebaki na dakika moja.

"Sasa mmesikia," nikawaambia watu. "Kalavati haikuua mke wangu. Lakini ni mbovu, na nataka tuitengeneze kwa sababu ni mbovu. Na kuhusu ukumbi, mimi ndiye ningeufurahia kuliko nyinyi nyote. Lakini hizi si pesa za kunifurahisha mimi."

Nikaketi. Nyuma kabisa nikamsikia kaka yangu akisema, si kwa sauti ndogo, "Basi tumekwisha."

Msimamizi alipanga mlolongo. Wa ukumbi wasimame kwenye ukuta wa darasa la nane, wa kalavati kwenye mlingoti wa bendera. Watu wakaanza kusukumana na kutaniana. Mtu mmoja akamwambia mwenzake, "Wewe nenda ukumbini, si una wake wawili wa kuwaoa tena?" Mama mkwe aliinuka, akajifunga leso kiunoni, akatembea moja kwa moja hadi ukuta wa darasa la nane, mstari wa ukumbi. Watu wake wengi wakamfuata. Sikumlaumu. Alikuwa anataka jina la mtoto wake mahali panapoonekana, na kumweleza alivyokufa hakumwondolei mzazi hamu hiyo.

Mimi nilisimama kwenye mlingoti. Kwa muda tulikuwa mstari mfupi, na kaka yangu mbele yangu, amekunja uso, kwa sababu ndugu ni ndugu. Kisha kikundi cha akina mama wa sufuria kikavuka uwanja kwa pamoja. Mwenyekiti wao, aliyekuwa rafiki mkubwa wa mke wangu, aliponipita alisema tu, "Mheshimiwa, zile sufuria ni nzito." Nyuma yao wakaja wenye bodaboda, na nyuma ya bodaboda wenye mahindi. Msimamizi alihesabu, akarudia, akatangaza kalavati.

Jioni hiyo kaka yangu alinywa chai vikombe vitatu. "Ulibahatika," akaniambia.

"Nilisema ukweli."

"Ulisema ukweli, kisha ukabahatika. Usichanganye."

Sikubishana naye, lakini naamini amekosea. Watu wetu wanaweza kupewa sababu ya kawaida na wakaielewa. Tumewazoesha machozi na utepe, halafu tunasema hawataki kingine. Tangu mwaka huo nimekataa kushika kipaza sauti kwenye mazishi. Naenda, nakaa, naondoka baada ya udongo. Mwanzoni watu walidhani nimeudhika. Siku hizi kuna familia zinazoniomba nije kwa sababu hiyo hiyo. Kama kiti hiki kitanipotea kwa jambo hilo, mashine yangu bado iko sokoni.

Kalavati ziliwekwa kabla ya mvua ndefu. Hatukukata utepe. Jumamosi ya kwanza baada ya kazi kukamilika kulikuwa na matanga ng'ambo, nami nilikuwa nimesimama pale barabarani nikitazama maji yakipita chini, mahali pake. Akina mama walikuja na sufuria zao, safari hii kwenye mkokoteni, zikigongana. Mama mkwe alikuwa nyuma yao na fimbo yake. Nikashuka pembeni, kwenye majani, nikageuza uso.

Nilisikia fimbo ikisimama. Ikagonga jiwe. Ikagonga tena.

"Mwambie mkwe wangu," akamwambia mwenyekiti wa kikundi, "mawe ya upande huu wa chini hayajashikwa na simiti. Yanacheza. Yule fundi amemdanganya."

"Mheshimiwa," mwenyekiti akaanza.

"Nimesikia," nikasema.

Fimbo ikaendelea na safari. Mkokoteni ulipopanda kilima, nilivua viatu, nikashuka kijitoni nikayatikisa mawe ya upande wa chini kwa mkono. Matatu yalicheza. Nikatoa simu, nikampigia fundi.